Mlima Tunaouona Kila Siku: Kufundisha Volkano kwa Filamu za Zamani

Siku moja darasani tuliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu: volkano ni nini? Mikono mingi iliinuka. Kijana tuliyemchagua alisimama, akatoa maana yote kama ilivyo kwenye daftari lake, kwa Kiingereza, bila kukosea hata neno moja. Tukamuuliza swali la pili: wewe mwenyewe umewahi kuiona volkano? Akafikiri kidogo, akajibu, "Hapana, Mwalimu." Dirisha la darasa lilikuwa wazi, na nyuma yake Kibo ilikuwa imejitokeza yote, kama inavyokuwa asubuhi kabla mawingu hayajapanda.

Hatukumcheka. Tuliona kwamba sisi tunaomfundisha ndio tulioshindwa. Kijana huyu amezaliwa mlimani, amekunywa maji ya mlimani, amekula ndizi zilizoota katika udongo wa mlimani. Lakini kwake volkano ni neno la mtihani, na Kilimanjaro ni nyumbani. Mambo hayo mawili hayajawahi kukutana kichwani mwake.

Kosa si lake. Mlima wetu umetulia. Kitabu cha jiografia kina mchoro wa mlima uliokatwa katikati, mshale mwekundu ukipanda kutoka chini, na majina pembeni. Mchoro hautembei, hautoi moshi, wala haumwambii mtoto kwamba kitu hicho kilitokea hapa anapokaa. Katika kutafuta njia ya kuyakutanisha mambo haya mawili, tumejikuta tukitegemea sana filamu za zamani: picha zilizopigwa na watu waliofika karibu na volkano miaka 30, 60 au 80 iliyopita. Katika makala haya tunaeleza ni filamu zipi, zinafundisha nini, na jinsi tunavyozitumia. Tunaeleza pia kwa nini jambo hili linawahusu hata waamini wa parokiani ambao hawatafanya tena mtihani wa jiografia.

Moto wa Kibo na moto wa Mawenzi

Tuanze na mlima wenyewe. Kilimanjaro si volkano moja bali tatu zilizosimama pamoja. Ya kwanza ni Shira, upande wa magharibi, iliyoanza kujengeka kiasi cha miaka milioni 2.5 iliyopita na baadaye ikafa na kubomoka. Ya pili ni Mawenzi, upande wa mashariki, yenye kimo cha mita 5,149. Ya tatu na changa kuliko zote ni Kibo, iliyoanza karibu nusu milioni ya miaka iliyopita na kufikia mita 5,895 tunazozisoma leo.

Shira na Mawenzi zimekufa. Kibo imelala. Juu kileleni kuna kreta iliyopewa jina la Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyepanda mlima huu mara nyingi, na ndani yake kuna shimo la majivu. Humo hewa ya moto yenye harufu ya salfa bado inatoka. Wataalamu wanakadiria kwamba shughuli kubwa ya mwisho ya Kibo ilikuwa kati ya miaka 150,000 na 200,000 iliyopita.

Kabla ya kuandika tarakimu hizo ubaoni, tunawaomba wanafunzi watusimulie hadithi waliyoisikia kwa bibi na babu zao. Hadithi ina namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba makaa. Alipozoea kuomba, Kibo alikasirika, akamtwanga kwa mchi mpaka akabaki na kichwa chenye mapengo. Vijana wanacheka, kwa sababu wanaijua. Ndipo tunapowaonyesha kwamba wazee waliosimulia hadithi hii walikuwa wameutazama mlima vizuri. Moto wa Mawenzi ndio uliozimika kwanza. Tangu hapo mvua, barafu na upepo vimeila miamba yake kwa muda mrefu zaidi, ndiyo maana ina meno meno wakati Kibo bado ni ya duara.

Hapo mwanafunzi anajua mpangilio, lakini miaka 150,000 haimwambii kitu. Hakuna aliyekuwapo na kamera. Inabidi tumwonyeshe mahali pengine ambako kamera ilikuwapo.

Shamba la mahindi lililogeuka mlima

Filamu ya kwanza tunayoonyesha haitoki Afrika. Tarehe 20 Februari 1943, katika jimbo la Michoacán nchini Mexico, mkulima aliyeitwa Dionisio Pulido alikuwa akitayarisha shamba lake la mahindi. Ardhi ikapasuka mbele yake, ikaanza kutoa moshi, majivu na mawe ya moto. Baada ya kiasi cha wiki moja palikuwa na kilima cha mita 100 hivi. Baada ya mwaka kilikuwa na mita 336. Volkano hiyo, iliyoitwa Paricutín, ilitulia mwaka 1952 ikiwa na mita 424 juu ya lile shamba.

Wanasayansi, waandishi na wapiga picha walimiminika pale tangu siku za mwanzo, kwa hiyo tuna picha nyingi za mlima ukizaliwa. Hata Hollywood ilifika: katika filamu *Captain from Castile* ya mwaka 1947, waigizaji wanaonekana huku Paricutín ya kweli ikifuka nyuma yao.

Lava ya Paricutín ilikwenda polepole, na watu walipata nafasi ya kuondoka. Ilifunika mji wa San Juan Parangaricutiro. Waamini wa pale walibeba msalaba waliouheshimu sana, unaoitwa Bwana wa Miujiza, wakahama nao kwa miguu kwenda kuanza maisha mapya. Mnara wa kanisa lao la zamani umebaki umesimama katikati ya mawe meusi mpaka leo. Hakuna aliyeuawa na lava. Watu watatu walikufa kwa radi zilizopiga kutoka katika wingu la majivu, jambo linalowashangaza sana wanafunzi wetu, kwa sababu wao hudhani kwamba volkano inaua kwa moto tu.

Kwa nini tunakwenda mpaka Mexico? Kwa sababu ya Rombo. Mtu anayesafiri kutoka Himo kwenda Tarakea huviona vilima vidogo vya mviringo, vingine vikiwa na bonde juu kama bakuli. Juu ya mlima wetu wote vimehesabiwa zaidi ya 250. Watu wanalima juu yake na watoto wanachungia mbuzi hapo. Kila kimoja ni tundu la pembeni ambalo moto wa Kilimanjaro uliwahi kutokea. Ziwa Chala, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, ni kreta ya namna hiyo iliyojaa maji. Kreta ya Maundi, karibu na kibanda cha Mandara katika njia ya Marangu, ni nyingine.

Mwanafunzi kutoka Rombo akiitazama Paricutín ikikua kwa siku chache, anaacha kuangalia skrini na kuanza kuzungumza na mwenzake. Kile kilima cha nyuma ya kwao kilikuwa na siku yake ya kwanza. Tangu wakati huo hatuhitaji kumlazimisha kukariri.

Paa lililoanguka

Filamu ya pili ni ya hapa nchini. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, walitoa filamu ya *Serengeti darf nicht sterben*, maana yake Serengeti isife, iliyopata tuzo ya Oscar. Walisafiri kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na ndege tai, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Wengi huitazama filamu hii kwa ajili ya wanyama. Sisi tunawaambia wanafunzi wasahau wanyama kwa dakika chache, watazame ardhi. Ukiwa chini, Ngorongoro ni tambarare iliyozungukwa na milima. Ukiwa angani ndipo unapoona kwamba ni bakuli moja kubwa, lenye sakafu ya kilomita za mraba kama 260 na kuta zinazofikia mita 600. Hilo ndilo linaloitwa kaldera. Palikuwa na mlima mrefu. Magma iliyokuwa chini yake ilipotoka, mlima ulibaki bila kitu cha kuushikilia, kilele kikaporomoka ndani, kama paa la nyumba ambayo nguzo zimeondolewa. Baada ya hapo tunarudi kwetu: kilele cha Kibo nacho kina kaldera, ndogo zaidi, yenye upana wa kilomita mbili na nusu hivi.

Filamu hii inatupa pia nafasi ya kufundisha kwamba kamera haikosi mwenyewe. Anayezungumza ni mgeni, na anayezungumziwa ni mnyama. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Na Wamasai wenyewe walisema nini?" Filamu haimjibu. Tunaona swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi tuliyowahi kusahihisha, kwa sababu kijana ametambua kwamba filamu ni shahidi, na shahidi huulizwa alisimama upande gani.

Ziwa la moto la jirani zetu

Filamu ya tatu inatupeleka mashariki mwa Kongo, kwa watu tunaozungumza nao lugha moja. Haroun Tazieff alikuwa mwanajiolojia aliyeanza kuzifuatilia volkano za Kivu miaka ya 1940. Filamu yake ya *Le Volcan interdit*, yaani volkano iliyokatazwa, ya mwaka 1966, inahusu Nyiragongo na ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta yake. Iliteuliwa kuwania Oscar.

Hapa ndipo wanafunzi wanapoona jambo ambalo hakuna mchoro unaoweza kulionyesha: mwamba ulioyeyuka unavyochemka, unavyopasuka, unavyotengeneza ngozi nyeusi juu na kuimeza tena. Tunatumia picha hizo kueleza kwa nini lava hazifanani. Lava yenye silika nyingi ni nzito kama ugali, inaziba tundu, na gesi ikikosa njia hulipuka. Lava yenye silika kidogo ni nyepesi kama uji, inatiririka. Ya Nyiragongo ni uji mwepesi sana.

Kisha tunawaeleza kilichofuata baada ya Tazieff kupiga picha zake. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa lile likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likishuka kwa kasi ya gari, na kuua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia Goma mjini. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoteketea. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena na lava ikasimama pembeni mwa mji.

Darasa hunyamaza hapo. Mpaka dakika hiyo volkano ilikuwa picha nzuri. Sasa ni parokia iliyopoteza kanisa lake, na watu waliokimbia na watoto mgongoni wakiitana kwa Kiswahili.

Filamu iliyookoa watu

Kwa wanaotuuliza kama kutazama filamu si kupoteza kipindi, jibu letu ni kisa cha Katia na Maurice Krafft, mume na mke kutoka Ufaransa, waliotumia maisha yao kupiga picha volkano duniani kote. Walifika hata kwetu: mwezi Juni 1988 Maurice alikuwa juu ya Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, mlima ambao jina lake kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ya kabonatiti. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Inatoka nyeusi kama oili chafu, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Ndiyo maana kilele cha Lengai kikionekana cheupe kwa mbali, weupe huo si theluji.

Tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz nchini Colombia ililipuka na kuyeyusha barafu ya kileleni. Tope zito lilishuka mabondeni usiku na kufunika mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Kilichowaumiza wataalamu ni kwamba ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa. Watu waliambiwa "tope la volkano" lakini hawakuwa na picha ya jambo hilo kichwani. Wengi walidhani ni matope ya kawaida.

Baada ya hapo Maurice Krafft alianza kutengeneza filamu fupi ya mafunzo kutokana na picha walizokusanya, ikionyesha kila hatari ya volkano na inavyofanya. Mwaka 1991 mlima Pinatubo nchini Ufilipino uliamka baada ya kulala karne nyingi. Filamu ilikuwa haijakamilika, lakini ilipelekwa hivyohivyo na kuonyeshwa kwa viongozi na wananchi. Waliokuwa wakisita walisadiki, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa. Tarehe 15 Juni Pinatubo ililipuka, mlipuko wa pili kwa ukubwa katika karne yote ya 20. Mamia ya watu walipoteza maisha, wengi wao kwa mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyolowa mvua, lakini maelfu walipona kwa sababu walikuwa wameondoka.

Katia na Maurice hawakuiona siku hiyo. Walikuwa wamekufa siku 12 kabla, tarehe 3 Juni 1991, kwenye mlima Unzen nchini Japani, wakipiga picha.

Kwa nini padre wa kesho ajue haya

Mlima wetu umelala, na hakuna sababu ya kumtisha mtu. Lakini majirani zake hawajalala kwa kiasi hicho. Mlima Meru, tunaouona magharibi jua linapozama, ulitoa majivu mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007 na 2008, na Julai 2007 matetemeko ya ardhi yaliyotokea upande huo yalisikika mbali. Mwezi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliwaka mlimani Kilimanjaro. Ulikuwa moto wa vichaka na nyasi, hauhusiani kabisa na volkano. Hata hivyo mtu akiuona mlima ukiwaka usiku anaweza kujiuliza mengi, na simu haziachi kuleta video za volkano za nchi nyingine zenye maneno ya uongo juu yake.

Katika siku kama hizo waamini hawamtafuti mwanajiolojia. Wanakuja kanisani. Wanauliza: Baba, mlima unalipuka? Ni hasira ya Mungu? Ni mwisho wa dunia? Kiongozi wa kiroho anayejibu "tusali tu" amesema nusu. Catania, mji ulio chini ya volkano ya Etna huko Sisilia, waamini humwomba Mtakatifu Agata, ambaye sikukuu yake ni tarehe 5 Februari, awaombee mbele ya moto wa mlima. Mji huohuo una kituo cha wanasayansi wanaoupima mlima usiku na mchana. Sala na kipimo havijagombana pale, wala hapa havina sababu ya kugombana.

Jinsi tunavyofanya darasani

Mara ya kwanza tulikosea. Tulikusanya vijana ukumbini jioni na kuwaonyesha filamu ya saa nzima. Walishangilia kama wanatazama mpira. Kesho yake tulipouliza wamejifunza nini, walikumbuka moto tu, na mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa amelala kwa hofu akisubiri Kibo ilipuke. Tangu hapo tumebadilisha utaratibu, na tunauandika hapa kwa faida ya walimu wengine.

Kwanza, tunapakua mapema. Hazina za picha za zamani zimefunguliwa siku hizi; kwa mfano British Pathé waliweka filamu zao za habari, kama 85,000, kwenye intaneti mwaka 2014. Tunachagua usiku bando likiwa nafuu, tunahifadhi kwenye flashi, na tunahakikisha kompyuta mpakato ina chaji, kwa sababu umeme hautusubiri.

Pili, tunaonyesha dakika tatu hadi tano tu, kwa swali moja. Kama swali ni "lava inatembeaje?", tunakata hapo lava inapotembea.

Tatu, mara ya kwanza tunazima sauti. Maelezo ya filamu nyingi ni ya Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza cha haraka, na mwanafunzi akisikia sauti huacha kutazama. Anaandika alichokiona, kwa Kiswahili, kwa maneno yake. Akiandika "mawe yanaruka halafu yanajirundika" amekwisha kueleza jinsi kilima cha volkano kinavyojengeka. Istilahi za Kiingereza za mtihani tunazileta baadaye, na zinapokuja zinapata mahali pa kukaa.

Nne, tunauliza habari za filamu yenyewe: nani alipiga, lini, wapi, kwa ajili ya nani? Tunatafuta mahali hapo kwenye atlasi. Mwanafunzi aliyezoea swali hili hadanganywi kirahisi na video ya WhatsApp.

Tano, tunarudia kutazama, safari hii mwalimu akisimamisha picha na kueleza.

Sita, tunatoka nje. Hii ndiyo hatua tusiyoiacha kamwe. Tunashuka mtoni kuokota mawe. Jiwe jeusi lenye vitundu vidogo, ambalo kila mtoto wa hapa amewahi kulirusha, ni lava iliyoganda gesi ikiwa bado ndani yake. Vile vitundu ni mapovu yaleyale aliyoyaona yakipasuka katika ziwa la Nyiragongo. Tunawaonyesha mawe hayohayo katika kuta na misingi ya majengo. Tunakwenda kwenye chemchemi na kueleza kwamba miamba ya lava ina nyufa na vitundu vingi, mvua ya msituni inazama ndani yake na kutokea huku chini. Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, ni mfano unaojulikana. Tunaeleza pia upande wa pili: maji yanayopita katika baadhi ya miamba hii yanabeba floridi nyingi, na ndiyo chanzo cha meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wengi wa ukanda wa Meru na Hai. Udongo uliotokana na majivu na lava ndio uliobeba vihamba vyetu, na ndio uliopokea mibuni ya wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19.

Picha zilizomo majumbani

Jambo moja zaidi tumejifunza katika kazi hii. Mwezi Januari 1930 rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka kwa ndege juu ya Kibo na kupiga picha za kreta na barafu yake. Mwaka 2002 David Breashears alitoa filamu ya *Kilimanjaro: To the Roof of Africa*, iliyopigwa kwa kamera kubwa za skrini ya aina ya IMAX. Tukiziweka pamoja, wanafunzi wanaona wenyewe barafu ilivyopungua. Vipimo vinasema hivyohivyo: mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba kama 12, na mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Filamu ya mwaka 2002, ambayo kwetu ilikuwa mpya juzi tu, tayari ni kumbukumbu ya barafu ambayo nyingine haipo tena.

Baada ya somo hilo kijana mmoja alirudi kutoka likizo na picha ya harusi ya babu na bibi yake. Maharusi wamesimama mbele ya kanisa la parokia, na nyuma yao, juu ya paa, Kibo inaonekana ikiwa na barafu pana kuliko tunayoiona sisi. Familia ilikuwa na picha hiyo sebuleni kwa miaka mingi, na macho ya wote yaliishia kwa maharusi.

Tunaamini zipo nyingi za namna hiyo: za ubatizo, kipaimara, daraja takatifu, kuwekwa jiwe la msingi. Tunawaomba waamini, hasa wazee, wazitafute. Nyuma ya picha andikeni mwaka na mahali iliposimama kamera, kisha mruhusu vijana wenu waipige nakala kwa simu na kuja nayo darasani. Kwa parokia zenye projekta, vikundi vya vijana na jumuiya ndogondogo, tuko tayari kuja na flashi yetu jioni moja. Tunachohitaji ni ukuta mweupe, na mzee mmoja atakayetusimulia jinsi Mawenzi alivyokwenda kuomba makaa.